Kwa Nini Utosi wa Mtoto Hujifunga

Weka kiganja juu ya kichwa cha mtoto mchanga, taratibu, usimkandamize. Utahisi pale katikati pana ulaini, panapanda na kushuka, panapanda na kushuka. Hapo ndipo utosini. Mtoto akishaanza kukimbiza kuku, ukipagusa tena utakuta mfupa mgumu kama wangu na wako. Wengi hudhani kichwa kimekomaa tu, basi. Kimekomaa, sikatai. Lakini zamani vichwa vilikomaa na pale pakabaki wazi mpaka mtu anazeeka, na aliyepafunga wa kwanza alikuwa mwanamke mfinyanzi, na hakufanya hivyo kwa furaha. Mwenye mtoto mapajani amshike vizuri, nieleze.

Enzi hizo mtu akifa hakupotea. Roho yake ilipanda msituni, kule juu kwenye ukungu, ikapumzika, kisha ikashuka na kumwingia mtoto aliyekuwa tumboni. Iliingia kwa utosini. Na kwa kuwa mlango ule haukufungwa, yote aliyoyajua mtu yaliendelea kuingia nyuma yake, hata kabla hajazaliwa na hata baada ya kuzaliwa. Mtoto hakulia alipotoka, alisalimia. Meno hakuwa nayo, lakini maneno alikuwa nayo. Mkunga alimfuta uso, akamuuliza, "Wewe nani?" naye akajibu kwa sauti nyembamba, "Ni mimi, fulani, nimerudi. Hamjambo hapa?" Kisha akauliza habari za mbuzi wake.

Msidhani watu walikuwa na raha kuliko sisi. Matanga hawakuwa nayo, ni kweli. Marehemu aliagwa kama mtu anayekwenda kutembelea ndugu. Lakini aliyekufa akigombania mpaka wa shamba alirudi na ugomvi wake, akauendeleza akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuna mtoto aliyewahi kuiona mvua akashangaa. Wote walikuwa wameshaiona, na wengi walikuwa wameichoka.

Jambo moja walilichunga sana, nalo lilikuwa nyumba ya kurudia. Mtu hakurudi kwa mwanawe. Fikirini wenyewe. Mzee wa heshima, ambaye mke wa mwanawe humpisha njia na kuinamisha macho, atazaliwaje na mke huyohuyo? Atamnyonyaje? Kwa hiyo watu walirudi kwa mabinamu, kwa watu wa utani, ambako unaweza kumwambia mtu lolote na hakuna aibu. Binamu akizaa, akamuuliza mtoto yeye nani, akasikia jina la binamu yake, alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia, "Kumbe ni wewe, mlafi! Haya, nyonya." Na mtoto akanyonya huku akimtukana. Mambo yalikwenda hivyo.

Sasa, katika kijiji kimoja cha wafinyanzi, upande ule wa milima unaopata ukungu, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa na mumewe Mgonja. Mgonja alichimba udongo bondeni na kuupandisha mlimani, Nakijwa akaufinyanga. Vyungu vikishachomwa na kupoa, Mgonja alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, ameinamisha kichwa upande, akisikiliza. Kizima kilijibu kwa sauti moja. Chenye ufa kilijibu kwa sauti mbili. Ilikuwa kazi yake, na hakumruhusu mtu mwingine aifanye, hata mwanawe Senzia, ambaye kwa kweli hakuwa na hamu nayo.

Mbele za watu Nakijwa alimwita mumewe baba Senzia, naye alimwita mama Senzia. Jina lake hakulitamka, ilikuwa adabu. Lakini wakiwa wawili ndani alimwita "mume wangu", na neno hilo siku hizo lilikuwa la ndani kabisa. Mwanamke hakulitoa nje ya mlango. Nyinyi mnaolirusha sokoni kila mtu akisikia, mwelewe kwamba zamani lingewaletea aibu ya mwaka mzima.

Mgonja akaugua kifua. Ilipoonekana hapandi tena mlima, Senzia alikaa kando ya kitanda akamuuliza kama ilivyokuwa desturi. "Baba, utarudi nyumba ya nani?"

"Kwa binamu yangu Mbwambo, ng'ambo ya bonde," alisema Mgonja. "Mke wa mjukuu wake ana mimba changa. Nimeshawatumia salamu." Kisha akamtazama mkewe. "Mama Senzia, uningoje. Nikiweza kuvuka mto mwenyewe, nitakuja kukuona."

Nakijwa akasema atangoja. Walimzika, watu wakaondoka wakizungumza mambo mengine, kwa sababu hapakuwa na cha kulilia.

Lakini Nakijwa alirudi nyumbani akakuta nyumba iko kimya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu ukimya huo. Watu wote walisema mtu hapotei, na kweli hakupotea, alikuwa ng'ambo ya bonde anasubiri kuzaliwa, ila yeye alikuwa amekaa peke yake mbele ya ugali wa watu wawili. Senzia alimletea udongo, akaubwaga mlangoni, akaenda zake. Alikuwa na shamba lake na mke wake. Nakijwa alifinyanga, akachoma, na vyungu vilipopoa vilikaa pale chini, hakuna wa kuvigonga. Alijaribu kuvigonga yeye. Alisikia sauti tu, hakujua zinasema nini.

Akaanza kuwaza, na mawazo ya mtu mpweke hayana wa kuyakatiza. Mgonja atazaliwa, atabebwa, atatambaa. Mpaka miguu yake ipate nguvu ya kuvuka mto ule, yeye Nakijwa atakuwa ameshapofuka, au ameshakufa. Naye akifa atarudi mtoto mchanga kwa mabinamu zake, upande mwingine kabisa wa mlima. Atakapokua, Mgonja atakuwa mzee. Watakuwa wakipishana hivyo njiani, mmoja anakuja mwingine anaondoka, na kila mmoja akikumbuka. Ndilo lililomuuma zaidi, kwamba wangekumbuka.

Katika boma lilelile, Namkunda, mke wa Senzia, alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa msichana mpole, mwenye kucheka akiwa peke yake jikoni, na alikuwa ameshaanza kushona mbeleko ya ngozi ya mwanakondoo.

Desturi ilikuwa hivi: nyumba inayomngoja mtu humwita asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, ili roho isikie na isipotee njia. Ng'ambo ya bonde, watu wa Mbwambo walisimama mlangoni wakaita, "Mgonja! Mgonja!" Upepo ukiwa mzuri Nakijwa aliwasikia. Wakati mwingine alisimama akiwa na kibuyu cha maji mkononi mpaka wamalize.

Asubuhi moja alikwenda nyuma ya nyumba ya Namkunda, akaegemea ukuta. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mume wangu. Huku."

Kesho yake akarudi tena, na asubuhi nyingine tena. Kule ng'ambo waliita jina, na jina lolote la mtu huitwa na kila mtu. Yeye aliita neno ambalo kinywani mwake lilikuwa la mtu mmoja.

Namkunda akajifungua mchana, mvua ikinyesha. Mkunga alikuwa Mbonea, mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa amepokea karibu kila mtu pale kijijini, wengine zaidi ya mara moja. Alimfuta mtoto uso akamuuliza, "Haya, wewe nani?"

Mtoto alitazama juu. "Paa hili nililiezeka mimi," alisema.

Mtoto akageuza macho, akamwona Namkunda amelala pale, jasho linamtoka, nguo imemteremka. Akafumba macho yake kwa nguvu. "Nifunikeni," alisema. "Nifunikeni uso, tafadhali."

Nakijwa alikuwa mlangoni. Alimchukua, akamfunika, akatoka naye barazani. Alikuwa mwepesi, ana joto. Moyo wa Nakijwa ulikuwa ukicheza kwa furaha, sitawaficha, kwa muda ule hakufikiri kitu kingine chochote. Alifunua ukingo wa nguo. Macho yalikuwa ya kitoto, lakini aliyekuwa akitazama alimjua.

"Mama Senzia," alisema yule mtoto. "Umenileta wapi?"

Kule kwa Mbwambo wakapata roho ya mtu mwingine, wakashukuru, shida ikabaki huku. Mtoto hakukubali kunyonya. Namkunda akimsogeza, alikaza midomo na kugeuza uso ukutani. Na Namkunda mwenyewe hakuweza. Alipaswa kupiga magoti mbele ya mzee huyu, si kumfungulia kifua. Alijaribu kumnyonyesha akiwa amejifunika kanga usoni, na mtoto akasema kwa heshima zote, "Mkwe, usijisumbue." Maziwa yakamjaa mpaka yakamuuma, yakamwagika chini.

Msiniulize kwa nini hawakumpa mwanamke mwingine. Kila aliyekuwa akinyonyesha pale kijijini alikuwa mke wa mwanawe, au mke wa mtoto wa ndugu yake, au binti yake wa ukoo. Wote wakwe, wote mabinti. Mabinamu walikuwa ng'ambo, na mto ulikuwa umefurika. Walimdondoshea maziwa ya mbuzi kwa jani la mgomba. Kidogo kiliingia, kingi kilipita shavuni. Akili yake ilijua kumeza, lakini koo lilikuwa bado halijajifunza.

Mchana alikaa mapajani mwa Nakijwa nao wakazungumza. Hayo ndiyo Nakijwa aliyoyatamani. Walikumbushana mwaka wa nzige, na safari ile chungu kilipoviringika mlimani mpaka kikasimama chini kikiwa kizima. Nakijwa alicheka. Lakini siku baada ya siku sauti ya mtoto ilipungua, na mikono yake ikawa kama vijiti. Nakijwa akiacha kuzungumza alisikia, ukutani upande wa pili, Namkunda analia polepole ili asisikike.

Mwishowe Namkunda alikuja. Alipiga magoti mbali, macho chini.

"Mama," alisema, "mimi nilibeba mimba nikitaka mtoto. Nimezaa baba mkwe."

Nakijwa akamvuta mtoto karibu. Namkunda akaendelea.

"Simlaumu mtu. Najua mtu hachagui njia akiwa roho. Lakini huyu atakufa mikononi mwetu, na mimi hata kumbeba sijambeba. Wewe unazungumza naye. Mimi nizungumze naye nini?"

Akainuka akaondoka. Nakijwa alibaki na aibu yake. Namkunda hakujua nani alimwita Mgonja pale, na Nakijwa hakuwa na ujasiri wa kumwambia.

Akakaa kwenye jiwe lake kusaga vigae, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Mnajua wafinyanzi hufanya nini. Udongo mtupu haufai. Ukiuchoma peke yake hupasuka. Kwa hiyo huchukua vyungu vilivyovunjika, hutwanga vigae vyake, huvisaga mpaka viwe unga, kisha huchanganya na udongo mpya. Chungu cha zamani huingia ndani ya chungu kipya, na ndicho kinachokishikilia motoni. Lakini lazima kisagike. Kikibaki kigae, hata cha ukubwa wa ukucha, chungu kipya hupasuka papo hapo kilipo kigae.

Alipokuwa akisaga mkono wake ukagusa kipande chenye nakshi. Alikijua. Kilikuwa cha chungu alichofinyanga mwaka alioolewa, mistari ilikuwa imepinda kwa sababu alikuwa bado hajui kazi. Akakitoa kwenye jiwe, akakipangusa. Alitaka kukiacha kizima, akitie hivyohivyo kwenye udongo mpya, ili awe akikiona. Kisha akakumbuka kitakachotokea motoni. Alikaa na kile kigae mkononi muda mrefu, na machozi yakaanza kumtoka, kwa sababu alikuwa ameshaelewa, na alitamani asingeelewa.

Alimfuata mkunga Mbonea. "Roho huingia kwa utosini," alimwambia. "Na kukumbuka?"

"Kukumbuka huingia hapohapo, nyuma ya roho. Mlango uko wazi, kila kitu kinapita."

"Na mlango ukifungwa?"

Mbonea alimtazama. Hapo tu ndipo aliposhuku nani aliyemwita Mgonja, lakini alikuwa mtu mzima, hakusema. "Haujawahi kufungwa, mwenzangu. Labda kukumbuka kutabaki nje, roho ibaki ndani. Labda vyote vitaondoka. Mimi nazalisha tu, sijui zaidi ya hapo."

Nakijwa akasaga kile kigae chenye nakshi. Akakisaga mpaka hakikuwa na mstari hata mmoja, akachanganya unga wake na udongo laini na mafuta ya mbarika, akaukanda mpaka ukawa mwororo. Kisha akamchukua mtoto, akakaa naye barazani, ukungu ukiwa umefika mpaka kwenye nguzo.

"Mume wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuita."

"Najua. Nilisikia sauti yako, ningekwenda wapi kwingine?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Najua," alisema tena. Alikuwa amechoka, kila neno alilipumzikia. Alitazama bakuli la udongo lililokuwa kando yake, na kwa kuwa alikuwa ameishi na mfinyanzi maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa mengi. "Unataka kunisaga."

"Usiposagika utapasuka. Na Namkunda atapasuka pamoja nawe."

Mtoto akafikiri. "Nikisahau yote, atakayebaki ni nani?"

"Unga wa vigae hauonekani ndani ya chungu," alisema Nakijwa. "Lakini upo. Ndio unaoshika."

"Upo, sawa. Lakini wenyewe unajua kama upo?"

Nakijwa hakujua jibu lake. Hakuna aliyelijua siku ile, na hata leo sijakutana na mtu anayelijua, ingawa nimekutana na wengi wanaosema wanalijua.

"Wewe utaniita nani?" aliuliza mtoto.

"Vilevile."

"Na mimi nitaitika?"

"Sijui, mume wangu."

Akafumba macho. "Haya, mama Senzia. Paka."

Nakijwa alichovya kidole kwenye udongo, akaanza ukingoni mwa utosi, akizunguka, kama anavyoziba mdomo wa chungu cha mbegu. Alipozunguka mara ya kwanza mtoto alisema, "Shamba la chini silioni tena." Alizunguka tena, mtoto akataja ndugu zake, na katikati ya majina akanyamaza, akatafuta, akayakosa. Akauliza mwenye nyumba hii ni nani. Nakijwa akamwambia. Kidole kilikuwa kinakaribia katikati sasa, palikuwa pamebaki tundu la kupitisha punje moja ya mtama. Mtoto alimtazama. "Wewe nakujua," alisema. "Wewe ni..." Nakijwa akaweka kidole katikati, akapafunga.

Macho yaliendelea kumtazama. Yalikuwa meusi, mazuri, na hayakumjua. Hakuwahi kutazamwa hivyo maishani mwake, na alihisi upweke mpaka kwenye vidole vya miguu. Wakati Mgonja alipozikwa alikuwa mke anayengoja. Sasa hakuwa anangoja kitu.

Kisha mtoto akafungua kinywa, akalia. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia sauti ile. Watu walitoka majumbani wakiuliza ni mnyama gani. Alilia kwa sababu hakujua yuko wapi, hakujua baridi ni nini, wala yule mwanamke mzee aliyemshika ni nani. Namkunda alikuwa jikoni, na sauti ilipomfikia maziwa yalianza kumtoka yenyewe, yakalowesha nguo. Alikuja mbio. Hakupiga magoti wala hakuinamisha macho. Alimnyakua mtoto kutoka mikononi mwa mama mkwe wake, akamweka kifuani, na mtoto akanyonya kama aliyekuwa amengoja dunia nzima.

Nakijwa alitazama mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani kunawa mikono.

Yale yaliyobaki nje ya mlango, yaani kukumbuka kote kwa Mgonja, hayakuwa na pa kuingia. Yalizungukazunguka paa, yakapanda msituni. Roho zilizokuwa zikisubiri kule ziliyauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko chini. Ananyonya."

"Anajua nini?"

"Hajui kitu. Sasa amelala usingizi."

Roho zikatazamana. Zilikuwa zimebeba maisha juu ya maisha, misiba na magomvi na maneno ambayo hayakupaswa kusemwa, na nyingi hazikuwa zimelala vizuri tangu zamani sana. Moja ikajaribu. Iliposhuka na kuingia, iliuvuta mlango nyuma yake. Baadaye nyingine, na nyingine. Lakini haziufungi mara moja, maana kuachana kuna uzito wake. Huuacha wazi kwa muda, hutazama watu wa nyumba ile, huaga huyu na yule, ndipo huufunga. Maneno hayashuki nazo tena. Kinywa cha mtoto kimebaki cha kulia tu.

Nakijwa aliishi miaka mingine. Mtoto akapewa jina la babu yake, akakua, akawa mtundu. Siku moja alipita kwenye vyungu vya bibi yake, akakigonga kimoja kwa kifundo cha kidole, kichwa ameinamisha upande. Nakijwa alisimama. Kisha kijana akakigonga cha pili kwa jiwe, kikavunjika, akacheka akakimbia. Kwa hiyo hakujua. Nakijwa aliokota vigae, akavipeleka kwenye jiwe.

Lakini alishika ahadi yake. Alimwita vilevile, na kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumwitia ndani, alimwita nje, mbele za watu. "Mume wangu, njoo ule." Mara ya kwanza watu walishtuka. Halafu wakamtazama mzee yule na kile kitoto chenye makamasi, wakaangua kicheko. Walidhani ni utani. Mtoto naye akadhani ni utani, akasema, "Nikikua nitakuoa, bibi, nitakujengea nyumba," na watu wakacheka zaidi. Vibibi vingine vikapenda mchezo huo, vikauchukua.

Nakijwa alipokuwa anakufa, Senzia alimuuliza kwa mazoea, "Mama, utarudi nyumba ya nani?"

"Usiniulize, mwanangu," alisema. "Nitakwenda nitakakonyonyeshwa." Senzia akaanza kulia, kwa sababu alielewa kwamba hata mama yake akirudi, hatakuwa na njia ya kumjua. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga ya kwanza.

Na tangu siku hiyo watoto huzaliwa wakilia, na mama zao huwapaka mafuta utosini wakishawaogesha, ingawa udongo ulishasahaulika na ukiwauliza kwa nini watasema ndivyo walivyoona. Tangu siku hiyo utosi hudunda kwa miezi kadhaa kisha hujifunga. Mtoto akicheka usingizini, ujue kuna anayeaga. Na bibi akimwona mjukuu wake anatambaa uani, humwita mume wangu, na watu wote hucheka, na mtoto hucheka. Bibi naye hucheka, ila mkimwangalia vizuri mtaona kwamba kabla ya kucheka hungoja kidogo, kama anayesikiliza iwapo ataitikiwa.